Mpini wa Kisu cha Stambuli

Kilifi, 4 Mei 1908

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi. Zeina binti Feruzi, Malindi.

Shikamoo shangazi. Mimi ni mzima. Lile jino lililonitesa kinyozi ameling'oa, na sasa natafuna upande mmoja tu. Bwana Rajabali anakusalimu sana. Anasema achari yako ya maembe imekwisha na mkewe amenuna. Nimesikia paa la jikoni kwako linavuja. Makuti nimeyatuma, lakini tafadhali usipande juu wewe mwenyewe, maana nakujua.

Sasa shangazi, kaa kitako. Bwana Rajabali amenichagua niende bara, kupita Vitengeni, nikakae miezi minne kwenye kambi ya watu wanaogema mpira wa mwituni. Nimekubali. Kiongozi wetu ni Mgiriama mmoja mtu mzima, jina lake Gona, mtu wa maneno machache. Ameniambia nisijisumbue na mizigo mingi, ila nije na kisu kimoja kilicho kisu kweli, kwa sababu huko tuendako mtu asiye na kisu ni mtu asiye na mkono.

Hapa dukani viko vya kila namna. Kuna kimoja cha Ulaya cha kukunja, mpini wake wa lulumizi inayong'aa kama ganda la chaza, ndani yake mna kijiko na kizibuo cha chupa. Kuna jambia la fedha. Kuna mapanga. Nimesimama mbele ya kabati siku tatu mpaka Bwana Rajabali akaniuliza kama nataka kuposa. Wewe ni binti wa mhunzi, umeshika visu vingi kuliko miiko. Nichagulie. Na uniambie jambo moja: baba yangu alikwenda bara na kisu gani?

Mwanao, Farjallah bin Stambuli


Malindi, 22 Mei 1908

Kwa mwanangu Farjallah, Kilifi.

Marahaba mwanangu, marahaba mia. Mimi nipo, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto linatabiri mvua kuliko mnajimu. Makuti yamefika na paa limeezekwa. Nilipanda mwenyewe, fundi alikuwa anaezeka kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni asiyempenda. Jirani yangu Bi. Nana anaoza binti yake mwezi ujao na hapa mtaani hapalaliki kwa ngoma.

Uliniambia nikae kitako. Nikakaa, kisha nikasimama, kisha nikaenda uani nikarudi. Kwenda bara sikukatazi. Nikikukataza utakwenda kwa siri, tena na kisu kibaya. Baba yako alikolala unakujua, na mimi nimebaki na wewe peke yako. Hilo nalisema mara moja tu, silirudii.

Basi sikiliza. Kile cha kukunja kiache kabatini. Kisu kinachokunjika kina kiungo, na penye kiungo ndipo panapoachia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho kinajitembeza kwa vijiko. Jambia ni la harusini. Panga atabeba Gona. Panga hufungua njia, lakini halichuni digidigi wala halichongi kijiti cha kuwashia moto.

Wewe tafuta kisu cha kukaa kwenye ala, kisichokunjika, chuma kimoja toka ncha hadi ndani ya mpini. Makali yawe na urefu wa shibiri moja ukitoa vidole vinne, kwa shibiri yako, si ya Rajabali. Mgongo uwe mnene, na kingo zake zisiwe za mviringo, ili kiberiti kikilowa uupige kwa gumegume utoe cheche. Ncha isichongoke sana. Ncha ya sindano huvunjika siku ya kwanza. Kishike kwa vidole viwili, kigonge kwa ukucha, utege sikio. Kizuri hulia. Kibaya hukohoa.

Na juu ya hayo yote, kiwe kisu cha pua. Hapo usimsikilize mwenye duka, nisikilize mimi. Kisu cha pua hakimtupi mtu.

Lile jingine uliloniuliza, siku nyingine.

Shangazi yako, Zeina binti Feruzi


Kilifi, 9 Juni 1908

Kwa shangazi yangu, Malindi.

Shikamoo shangazi. Pole na goti. Lipake mafuta ya nyonyo, na usipande paa tena. Sisi huku wazima. Bwana Rajabali amepata mjukuu, wamemwita Jasumati, na duka zima linanuka uvumba.

Shangazi, nakuvulia kofia. Kisu cha bua! Neno lile nililala nalo. Nikasema, hii ndiyo elimu ya wahunzi: wengine wote hukimbilia visu vya nyama, lakini bua la mtama ni gumu nje na laini ndani, na kisu kinachokata bua bila kulipasua hakishindwi na kitu. Nani mwingine angewaza hivyo? Nimezunguka siku nne. Mwisho nimekipata kwa mama mmoja wa misheni ya Kaloleni, Dorcas, anayeuza vyombo vya shamba. Ni chembamba, kimepinda, kina vijimeno upande mmoja. Aliniuliza shamba langu lina ukubwa gani. Nikamwambia hii ni siri ya ukoo.

Nilipomwonyesha Gona alikitazama kisu, akanitazama mimi, kisha akauliza kama siku hizi mpira wa mwituni unavunwa kama mtama. Nikamwacha acheke. Yeye hakuzaliwa kwa wahunzi.

Mpini wake tu ndio unacheza. Je, nikuletee uutie upya? Wazee wa hapa wanasema mpini wa Zeina haukuhitaji hirizi, na kwamba watu walitoka Takaungu kwa miguu kuja kwako. Mimi nimelelewa nyumbani mwako na sijakuona ukitia mpini hata mmoja.

Tena hukunijibu kuhusu baba. Nilikuwa na miaka minane alipokwenda. Najua alikufa huko kwa kiu, ndivyo ulivyoniambia. Kisu chake sikijui.

Mwanao, Farjallah


Malindi, 15 Juni 1908

Mwanangu Farjallah,

Marahaba. Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nina kicheko. Mjukuu wa Rajabali Mungu amkuze.

Pua, mwanangu. PUA! Kile chuma kilichopikwa kikakomaa, kisichopinda wala kusinyaa makali. Si bua la mtama. Babu yako alipoandika kwa herufi zetu za Kiarabu alikuwa akitia nukta tatu chini ya herufi, kama Waajemi, ili pe isisomwe be. Mimi kwa uvivu nilitia moja, nikadhani karani mzima wa duka atatia mbili zilizobaki kwa akili yake. Hata ungedhani nasema pua ya usoni ungekuwa karibu zaidi! Nimemsomea Bi. Nana barua yako, amecheka mpaka ameomba maji. "Siri ya ukoo," anasema kila akinipita mlangoni. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na wewe hata kuvukuta hatukukufundisha. Kosa ni letu tuliokukimbiza chuoni.

Kisu hicho mrudishie Dorcas kwa adabu.

Kuhusu kutia mpini, siwezi. Mikono yangu siku hizi haina nguvu.

Harusi ya binti wa Bi. Nana imekwenda vizuri. Tulikuna nazi sitini, na zaidi ya nusu nilizikuna mimi, kwa sababu wanawake wa siku hizi wanakuna kwa kuogopa kucha zao. Bwana harusi ni mfupi lakini ana tabia njema.

Tarishi aliyeleta barua hii amebeba kifurushi cha kitambaa cha marekani. Kifungue polepole. Ndani mna kisu bila mpini. Ni chuma bora kuliko chuma chochote kilichotoka kwenye fuawe ya babu yako, na hakijapata kumtupa mtu. Kilichomtupa mtu kilikuwa kitu kingine. Atakayekutilia mpini, yeyote awaye, mwambie maneno haya: mti uwe wa mkwaju, usiwe mpingo, maana mpingo ni mzuri lakini mkono ukitoka jasho huteleza. Tundu litoboke mpaka nyuma, msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, urefushwe kwa kuunganishwa chuma motoni, upite mpini wote, utokeze mwisho, ukunjwe kwa nyundo. Mbele atie noleo, pete ya shaba ya kuubana mpini. Ulimbo wa kugandishia asitie. Akikwambia ulimbo wa sandarusi unatosha, chukua kisu chako uondoke.

Shangazi yako, Zeina


Vitengeni, 6 Julai 1908

Kwa shangazi yangu, Malindi.

Shikamoo shangazi, shikamoo mara nyingine kwa niaba ya kisu. Tumefika salama. Nyumba yetu ni ya udongo, maji ni ya chumvi kidogo, mahindi ya kuchoma hayana mfano. Aibu ya bua imeshanisamehe. Dorcas alikipokea kisu chake bila kuuliza neno, ila alinipa mbegu za mtama, eti kwa ajili ya shamba la siri.

Shangazi, sijapata kuona kitu kama hiki ulichonitumia. Nilikigonga kwa ukucha na kikalia, na sauti yake ikakaa sikioni hata nilipokwisha kukiweka chini. Mgongo wake unatoa cheche kwa pigo la kwanza. Nimechonga nacho vigingi vya hema, nimechuna mbuzi, nimepasua kuni kwa kukigonga mgongo kwa gogo, na jioni kimeninyoa nywele za mkono bila kunolewa. Ukikishika, uzito wake unaegemea pale kidole cha shahada kilipo, hakikulemei mbele wala nyuma. Kumbe babu alikuwa mtu wa namna hii! Wagema mpira wote wameomba kukishika, na mimi nawapa kwa zamu, kwa maringo.

Mambo mawili nimeyaona. La kwanza, mikono isiyo na nguvu imekuna nazi thelathini na zaidi. Haya, nanyamaza. La pili, msuka wake ulikuwa mweusi, umeungua. Sikujua kisu huanza maisha hivyo.

Mpini ametia Gona, na maneno yako nilimtolea yote kama yalivyo. Kwao kuna mhunzi, wakaurefusha msuka pamoja. Alipokifungua kile kitambaa mara ya kwanza alikigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye msuka. Kisha akaniuliza jina la baba yangu. Nikamwambia, Stambuli. Akasema, "Basi," akachukua kipande cha mkwaju akaanza kuchonga.

Kesho tunaingia ndani zaidi. Huko tarishi hafiki ila kwa bahati, kwa hiyo nikikawia usihesabu siku.

Mwanao, Farjallah


Malindi, 30 Agosti 1908

Kwa mwanangu Farjallah, popote ulipo.

Salamu nyingi mwanangu. Mimi nipo. Bi. Nana anakuulizia. Ramadhani imekaribia na bei ya tende imepanda. Uliniambia nisihesabu siku. Nimehesabu. Hamsini na tano.

Watu waliotoka Vitengeni wanasema ndani mvua haikunyesha. Sipati usingizi, na mtu asiyelala mwisho husema. Nasema basi, kwa sababu nikinyamaza na jambo likakupata sitaweza kuishi nalo mara mbili.

Kisu ulichonacho kiunoni ni cha baba yako. Babu yako alikifua, mimi nikatia mpini. Wakati huo nilikuwa na jina, kweli walikuja kutoka Takaungu. Nilitaka msuka upite mpini wote ukunjwe nyuma, kama nilivyokwambia wewe. Lakini baba yako alikuwa na haraka ya kuondoka, na alitaka mpini wa mpingo, mweusi, usio na chuma kinachochungulia nyuma. Akasema kitaharibu uzuri. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda uzuri kuliko yeye. Nikauishiza msuka katikati. Nikasaga sandarusi, nikaijaza tunduni, nikausukuma msuka ukiwa wa moto, nikausugua mpini mpaka nikajiona ndani yake. Ulikuwa mpini mzuri kuliko yote niliyopata kutia. Kila aliyeuona aliusifu, na mimi nilizipenda zile sifa.

Miezi mitatu baadaye akaja Mgiriama mmoja, Baya, akakiweka kisu juu ya baraza. Chuma kitupu. Msuka mweusi. Akasema, "Stambuli ametutoka." Alitaka kuendelea. Nikamwambia yatosha, nikaingia ndani, nikafunga mlango, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujua. Jua la nyika liliyeyusha sandarusi yangu, mpini ukatoka mkononi mwake, na mtu asiye na kisu katika nchi ile hachimbi maji. Habari ya kiu nilikuambia mimi. Hakuna aliyeniambia.

Miaka kumi na mitatu sijatia mpini. Mikono yangu haina ugonjwa wowote.

Sasa umejua umelelewa na nani. Kitazame kisu chako kila asubuhi. Mpini ukicheza hata kidogo, rudi nyumbani, mwachie Rajabali mpira wake.

Zeina


Kambini, 4 Oktoba 1908

Kwa shangazi yangu, mama yangu, Bi. Zeina binti Feruzi.

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, nafunga, maji yapo. Barua yako imenifikia jana kwa mkono wa mtu aliyeleta chumvi. Tulihamisha kambi mara mbili, ndiyo sababu ya kimya changu. Mpini hauchezi. Naanza na hayo kwa sababu najua utayatafuta kwanza.

Nilisoma barua yako nimekaa na Gona. Nilipofika kwa Baya sikuweza kuendelea. Gona akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, nikamsomea kwa sauti toka mwanzo. Kisha akasema, "Baya ni kaka yangu. Kisu hichi nakimanya, nakijua, toka siku ile nilipokifungua kitambaa. Na mimi nilikuwapo."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Baya alirudi kwetu akisema, dada ya Stambuli hataki kusikia. Nikadhani na wewe hutaki."

Shangazi, nayaandika maneno yake kama alivyoyatoa.

"Tulikuwa watu wanne, mimi nilikuwa bado kijana. Wapagazi walikuwa wametoroka na mapanga. Stambuli ana homa siku ya tatu. Tukafika penye ziwa, ziwa limekauka, tope la juu limekuwa jiwe. Maji yako chini, tunayajua, lakini utachimba na nini? Kucha zetu zilikwisha. Stambuli akasema, tutafanya mtaimbo. Tukakata mti, tukakifunga kisu kwenye mti kwa kamba. Tukipiga, kisu kinazunguka, maana mpini ule ulikuwa laini, kamba haikamati. Stambuli akasema, mpini utoke, msuka uingie ndani ya mti wenyewe. Tukauvuta. Wanaume wanne, wawili huku na wawili huku, hautoki. Tukaugonga kwa jiwe, hautoki. Ungepasuliwa, lakini utaupasua na nini, kisu si ndicho hicho? Stambuli akakaa chini akacheka. Midomo imepasuka inatoa damu, na anacheka. Akasema, 'Huyu dada yangu! Huyu dada yangu Zeina!' Mwisho tukautia motoni, ukaungua, ndipo tukaupata msuka. Tukauchomeka kwenye mti ukiwa wa moto. Tukachimba mpaka kiunoni, maji yakaja. Stambuli alikunywa wa kwanza, alikunywa akashiba. Homa ndiyo iliyomchukua, alfajiri ya pili yake. Si kiu. Sisi watatu tulirudi kwa maji yale. Mimi nina watoto saba. Huyo mama mwambie nina watoto saba."

Nimemaliza maneno yake. Ya kwangu sina, shangazi, ila kwamba nimelelewa na Zeina binti Feruzi na sitaki mwingine.

Mwanao, Farjallah


Malindi, 2 Novemba 1908

Kwa mwanangu Farjallah bin Stambuli.

Marahaba mwanangu, na mkono wa Idi. Barua yako ilinifikia usiku wa kuamkia sikukuu. Bi. Nana alikuja asubuhi akanikuta nimelala, mchana ukaja nimelala, akadhani nimekufa. Nilikuwa nimelala tu. Nilipoamka nililia, nikapika, nikala sahani mbili.

Nilimfungia mlango mtu aliyekuja kuniletea hilo kwa miguu. Baya, Mungu amrehemu kama ametangulia, na kama yuko hai mwambie Gona nitakwenda kwake mimi, nibishe hodi mimi, na nikae nje mpaka anifungulie. Hao watoto saba nataka kuwaona. Niandikie majina yao, na utie nukta zote.

Mpini wa mkwaju alioutia Gona usiuguse, umetiwa na mtu anayejua. Lakini binti wa Bi. Nana ameniletea kisu chake cha jikoni, kipya, mpini wa ovyo umekwisha kutoka. Kwa miaka yote hii ningemwambia apeleke kwingine. Nimekichukua. Patasi zimeshika kutu, nimezipaka mafuta ya nazi, na leo asubuhi nimetoboa tundu. Lilikwenda upande kidogo. Kesho litanyooka.

Mwanangu, nimekaa na kalamu hii tangu adhuhuri kwa sababu nina swali na naona haya kuliuliza. Ndugu yangu alikuwa anakufa, na mimi nauliza hili. Lakini wewe ni wangu, hutanicheka. Muulize Gona, afikiri vizuri kabla ya kujibu: ule mpini wangu ulichukua muda gani kuungua?

Shangazi yako, Zeina binti Feruzi, mtia mipini